Konsoli Iliyoshinda Ni Ipi? Kwanza Tuulize Tunapima Nini

Mei 2024 Sony iliwaeleza wawekezaji wake jambo ambalo wapenzi wengi wa gemu walilipita haraka. Konsoli yake, yaani mashine ya kuchezea gemu, ya PlayStation 5 (PS5), iliyokuwa sokoni kwa miaka mitatu na nusu tu, ilikuwa tayari imeiletea kampuni faida kubwa kuliko kizazi kingine chochote cha PlayStation. Wakati huo zilikuwa zimeuzwa PS5 takriban milioni 59. PlayStation 2, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kuendelea kutengenezwa kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, iliuzwa zaidi ya milioni 155. Yaani PS5 haikuwa imefikia hata nusu ya mauzo ya mkubwa wake, na bado ilikuwa imeingiza faida zaidi.

Kati ya hizo mbili, iliyofanikiwa zaidi ni ipi? Anayejibu PS2 ana hoja, na anayejibu PS5 ana hoja vilevile. Kweli, dola ya 2024 haina nguvu ya dola ya 2004, kwa hiyo kulinganisha faida za miaka iliyopishana hivyo kuna kasoro yake. Lakini hata ukiirekebisha kasoro hiyo, swali linabaki palepale, kwa sababu wawili hao hawabishani kuhusu konsoli. Mmoja ameshika pishi, mwingine ameshika futi kamba, na kila mmoja anashangaa kwa nini mwenzake hasomi namba aliyoisoma yeye.

Nimefuatilia ubishi huu kwa miaka mingi na ninaamini unaweza kufunguliwa. Sitatoa orodha ya washindi. Ninachotaka ni kuonyesha kila kipimo kinapima nini hasa na kinaficha nini, kisha niseme ninachokitumia mimi.

"Kuuzwa" kuna maana mbili

Kipimo kinachotangulia midomoni ni idadi ya mashine zilizouzwa. Kinaonekana hakina utata, lakini kampuni inapomkabidhi msambazaji shehena ya konsoli, kwake hayo ni mauzo, na fedha zimeshaingia vitabuni. Mchezaji anapolipa dukani na kuondoka na boksi lake, hayo ni mauzo mengine. Takwimu ambazo Nintendo na Sony hutoa kila robo mwaka ni za aina ile ya kwanza. Soko likiwa na njaa, tofauti ni ndogo, maana kila boksi linalofika dukani huondoka. Soko likipoa, tofauti hiyo ndiyo habari yenyewe.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Atari. Mwaka 1982 kampuni hiyo ilitengeneza mamilioni ya kaseti za gemu ya E.T. na kuzisambaza kabla ya Krismasi. Zilipotoka ghalani zilionekana ni mauzo. Kisha wanunuzi wakazisusa, maduka yakaanza kuzirudisha, na Septemba 1983 malori yakapeleka shehena ya bidhaa za Atari kwenye jaa la Alamogordo, New Mexico, zikafukiwa. Mwaka 2014 jaa hilo lilifukuliwa, na kaseti za E.T. zikatolewa humo. Kila ninapoona tangazo la "milioni kadhaa zimesafirishwa", jaa lile hunijia akilini.

Halafu kuna kampuni iliyoacha kabisa kuhesabu hadharani. Oktoba 2015, Xbox One ikiwa imeachwa mbali na PlayStation 4, Microsoft ilisema haitaendelea kutangaza idadi ya konsoli. Itatoa idadi ya watu wanaotumia huduma yake ya mtandaoni. Uamuzi huo una mantiki ya kibiashara, na nitaufikia. Ila msomaji asisahau kwamba kampuni haibadilishi kipimo wakati kile cha zamani kinaisifia. PS4 ilimaliza na zaidi ya milioni 117. Idadi rasmi ya Xbox One haijawahi kutolewa.

Na hata tukikubaliana juu ya neno "kuuzwa", bado hatujakubaliana juu ya neno "konsoli ya nyumbani". Nintendo Switch ilitoka Machi 2017 ikiwa mashine inayochomekwa kwenye televisheni na pia kubebwa mkononi. Imevuka milioni 150. Lakini Septemba 2019 likaja toleo la Switch Lite, ambalo haliunganishwi na televisheni hata kidogo, na mashine hizo zimo ndani ya jumla hiyohiyo. Je, Switch ishindanishwe na PS2, ambayo familia nzima iliichangia sebuleni, au na Nintendo DS, ambayo kila mtoto alitaka yake? DS iliuzwa milioni 154. Kifaa cha mkononi kina nafasi ya kuuzwa mara tatu katika nyumba moja. Cha sebuleni kwa kawaida huuzwa mara moja. Sisemi Switch iondolewe kwenye ubishi. Ninasema anayeiweka juu ya jedwali la konsoli za nyumbani aeleze amehesabu nyumba au amehesabu watu.

PS2 nayo haina usafi kamili katika hili. Wengi waliinunua kwa sababu ilicheza DVD wakati ambapo mashine za DVD zilikuwa bado ghali. Mashine ya mtu kama huyo imo kwenye hesabu kama ya mchezaji mwingine yeyote, hata kama aliitumia zaidi kutazama filamu.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii hupotea hata ukiwa na daftari, usipojua ukurasa wa kufungua.

Konsoli nyingi huuzwa kwa bei iliyo chini ya gharama yake, angalau mwanzoni. Fedha hurudi kupitia gemu: kampuni yenye mashine hutoza fungu katika kila gemu inayouzwa na wengine kwenye jukwaa lake, na katika maduka ya kidijitali fungu hilo kwa kawaida ni asilimia 30. Mei 2021, katika kesi ya Epic dhidi ya Apple, afisa wa Microsoft alitoa ushahidi mahakamani kwamba kampuni yake haijawahi kupata faida kwa kuuza konsoli ya Xbox yenyewe. Mwaka uliofuata mkuu wa Xbox, Phil Spencer, alitaja hasara ya kati ya dola 100 na 200 kwa kila mashine.

Tazama maana yake. Chini ya utaratibu huo, konsoli inayouzwa kwa wingi kwa watu wasionunua gemu ni msiba. Kila boksi linaloondoka dukani ni deni, na deni hulipwa tu ikiwa mwenye boksi atarudi. Anayeshangilia idadi ya mashine peke yake anashangilia ukubwa wa deni bila kuuliza nani amelipa.

Hapa ndipo ninapopenda kusimamisha ubishi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000. PS2 ilikuwa mbele bila mshindani, na nyuma yake zilikuwepo mbili: Xbox ya kwanza, iliyouzwa takriban milioni 24, na GameCube ya Nintendo, milioni 21.74. Kwa pishi la idadi, Xbox ilishika nafasi ya pili na GameCube ikaburura mkia. Ndivyo inavyoandikwa mara nyingi, na GameCube imebandikwa jina la kushindwa.

Fungua daftari sasa. Microsoft ilipoteza mabilioni ya dola katika kuingia kwenye soko hili. Nintendo, iliyouza mashine chache zaidi, ilimaliza kila mwaka wa fedha wa enzi hiyo ikiwa na faida. Ni haki kuongeza kwamba faida hiyo ilibebwa pia na Game Boy Advance, mashine yake ya mkononi. Hata hivyo GameCube iliuza gemu zaidi ya milioni 208, yaani gemu tisa na nusu kwa kila mashine, na nyingi kati ya zilizovuma zilikuwa za Nintendo yenyewe, kwa hiyo fungu kubwa la fedha lilibaki nyumbani.

Je, Microsoft ilishindwa, basi? Inategemea ilitaka nini. Wakubwa wake walihofia kwamba Sony ingeikamata sebule na kuifanya kompyuta isiwe na maana humo. Walikuwa tayari kulipia kiti mezani, na walikipata. Xbox 360, iliyotoka 2005, isingewezekana bila hasara ile. Ukipima kwa dhamira, Xbox ya kwanza ilitimiza kazi yake. Ukipima kwa daftari, ilikuwa shimo. Majibu yote mawili ni ya kweli kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ninakataa kuandika "ya pili" na "ya tatu" bila kusema nafasi hizo zimepangwa kwa kigezo gani.

PlayStation 3 nayo ina funzo lake, na linauma zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Sony ikitoka kwenye ushindi wa PS2 ilileta mashine ya gharama kubwa, iliyouzwa Marekani Novemba 2006 kwa dola 499 na 599. Hata kwa bei hizo ilikuwa ikiuzwa kwa hasara. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2007 kitengo cha gemu cha Sony kilipata hasara ya yen bilioni 232.3. Microsoft nayo haikuwa salama. Julai 2007 ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuwaka taa nyekundu. Mwishowe PS3 ilifika milioni 87 na kidogo, wakati takwimu ya mwisho rasmi ya Xbox 360 ni milioni 84. Ukitazama jedwali la idadi utadhani zilikuwa ndugu wawili walioshikana mikono hadi mwisho. Jedwali halionyeshi kwamba PS3 ilibeba pia vita vingine: ndani yake kulikuwa na kisomaji cha diski za Blu-ray, na Februari 2008 Toshiba ilisalimu amri na kuachana na HD DVD, aina ya diski iliyoshindana na Blu-ray. Faida ya ushindi huo haimo katika hesabu ya gemu.

Gemu ngapi kwa kila mashine

Kwa kuwa fedha zimo kwenye gemu, wachambuzi hugawanya idadi ya gemu zilizouzwa kwa idadi ya mashine. Ni kipimo kizuri, ila nacho kina vichochoro vyake.

Chukua Wii, konsoli ya Nintendo iliyoifuata GameCube. Mashine milioni 101.63, gemu zaidi ya milioni 920: takriban tisa kwa kila mashine. Lakini ndani ya hizo zimo nakala milioni 82.9 za Wii Sports, ambayo katika masoko mengi iliwekwa ndani ya boksi la konsoli. Ziondoe, na uwiano unashuka hadi nane na kidogo. Kwa hiyo GameCube, ile "iliyoshindwa", iliwauzia wenye mashine zake gemu nyingi zaidi kwa kila mmoja kuliko Wii iliyotikisa dunia. Hili haliifanyi GameCube kuwa mshindi, kwa sababu Wii ilizidisha uwiano wake kwa umati mkubwa mara nne na zaidi, na mashine yake yenyewe iliuzwa kwa faida tangu siku ya kwanza. Linaonyesha tu kwamba umati wa Wii ulikuwa wa aina nyingine: wengi waliingia kwa ajili ya gemu iliyokuja na boksi.

Machi 2017 uwiano huu ulifanya kitu ambacho sikudhani ningekiona. Nchini Marekani ziliuzwa Switch 906,000 katika mwezi wake wa kwanza, na nakala za The Legend of Zelda: Breath of the Wild za Switch zikakaribia 925,000. Gemu moja iliuzwa zaidi kuliko mashine ya kuichezea. Huenda baadhi walinunua nakala mbili, moja ya kucheza na moja ya kuhifadhi, na wengine waliinunua gemu wakisubiri konsoli ipatikane. Kama kipimo cha soko namba ile haina maana kubwa. Kama kipimo cha hamu ya watu, sijui iliyoizidi.

Kasi

Kasi ya mwanzo ndiyo kipimo kinachopendwa na vichwa vya habari, na ndicho nisichokiamini hata kidogo. Dreamcast ya Sega ilipoingia Marekani tarehe 9 Septemba 1999 ilikusanya zaidi ya dola milioni 98 ndani ya saa 24. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kuitengeneza na inajiondoa katika biashara ya konsoli. Ziliuzwa milioni 9 na ushei. Kinect, kifaa cha Microsoft cha kutambua mwendo wa mwili, kiliuzwa milioni 8 katika siku 60 za kwanza mwishoni mwa 2010 na kuweka rekodi ya dunia. Mwaka 2017 utengenezaji wake ulikoma. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Watu walio hai ndani ya mashine

Sasa turudi kwenye uamuzi wa Microsoft wa 2015, kwa sababu nyuma ya kukwepa aibu kulikuwa na wazo lenye uzito. Konsoli ya zamani ilikuwa bidhaa: ukishaiuza, imekwisha. Ya leo ni mlango. Kinachoingiza fedha ni mtu kupita mlangoni mwezi baada ya mwezi, akinunua gemu za kidijitali, mavazi ya mhusika wake, au akilipa ada ya usajili. Sony yenyewe imekuja kukubali hivyo na hutangaza watumiaji wa kila mwezi, ambao ni zaidi ya milioni 100. Katika taarifa ileile ya Mei 2024 ilionyesha kwamba waliokuwa wakicheza kwenye PS5 walikuwa milioni 49, na kwenye PS4 milioni 49 vilevile. Konsoli ya 2013, ambayo hakuna tena anayehesabu mauzo yake, ilikuwa imebeba nusu ya umati. Pishi la idadi ya mauzo halina mahali pa kuliweka jambo hilo.

Lakini kipimo hiki nacho hupindwa kwa urahisi kuliko vyote, maana anayekitoa ndiye pia anayeamua nani ahesabiwe. Januari 2022 Microsoft ilisema huduma yake ya usajili, Game Pass, ina wanachama milioni 25. Februari 2024 ikasema milioni 34. Ukuaji mzuri, mpaka ukumbuke kwamba Septemba 2023 usajili wa zamani wa kuchezea mtandaoni uligeuzwa jina na kuwa ngazi ya chini ya Game Pass, na wanachama wake wakaingizwa kwenye jumla. Sehemu ya kimo hicho ilipatikana kwa kusogeza sakafu. Februari hiyohiyo ya 2024 kampuni ilitangaza kuwa gemu zake nne zitapelekwa kwenye konsoli za wapinzani, na Sea of Thieves ikatua PS5 Aprili 30. Gemu ya Microsoft inayouzwa vizuri kwenye mashine ya Sony inaingia upande gani wa jedwali? Kwa vipimo vya zamani swali hilo halina jibu.

Ninachokitumia mimi

Baada ya kupima na kupimua, nimebaki na swali moja ninaloliuliza kwa kila konsoli ikifika mwisho wa maisha yake: je, imemwacha mtengenezaji wake akiwa na uwezo wa kutengeneza nyingine, na wanunuzi na watengeneza gemu wakiwa bado wako tayari kumfuata?

Dreamcast haipiti hapo, ijapokuwa ilikuwa na gemu nzuri ambazo bado zinapendwa. GameCube inapita bila wasiwasi. PS3 inapita kwa shida, kwa sababu kampuni mama ilikuwa na kifua cha kubeba hasara na miaka yake ya mwisho ilirudisha imani; PS4 ilikuja kuvuna imani hiyo. Xbox One ndiyo inayonisumbua. Fedha za kutengeneza nyingine Microsoft inazo, lakini katika kizazi kile watu walijenga maktaba zao za kidijitali kwenye jukwaa la mpinzani, na maktaba haihamishiki.

Anayenivutia kuliko wote ni Wii. Kwa idadi na kwa fedha ilikuwa ushindi mtupu. Kwa swali langu, nusu ya jibu ni hapana: umati ulioingia kwa ajili ya Wii Sports haukurudi, na Wii U ya 2012 ikafia kwenye milioni 13.56. Nintendo ikapata hasara ya uendeshaji kwa miaka mitatu ya fedha mfululizo, na mwaka 2014 rais wake Satoru Iwata akajikata nusu ya mshahara. Lakini nusu ya pili ya jibu ni ndiyo, kwa kuwa akiba ya enzi ya Wii na DS ndiyo iliyoiwezesha kampuni kuvumilia miaka hiyo bila kuuza roho yake, mpaka Switch ikatoka. Mario Kart 8 iliuzwa milioni 8 na nusu hivi kwenye Wii U. Gemu hiyohiyo, ikiongezewa vitu vichache, imevuka milioni 60 kwenye Switch. Kilichokuwa kimepungua ni watu, wala si ubora wa kazi.

Switch 2 ilitoka Juni 5, 2025, na Nintendo ikatangaza kwamba zaidi ya milioni 3.5 zilifika mikononi mwa wanunuzi katika siku nne. Hiyo ni kasi, na nimeshasema ninavyoiona kasi. Walioikimbilia wiki ile ni wale ambao wangeinunua kwa vyovyote. Takwimu nitakayoitafuta ni ya baadaye: kati ya watu wa zile Switch milioni 150 na zaidi, wangapi wamehama, na katika mwaka wa tatu wananunua gemu ngapi ambazo hazikuja ndani ya boksi.